Chumba cha kuchezea watoto: rangi ije mwisho

Swali la msomaji:

"Nina watoto wawili, binti wa miaka sita na mdogo wake wa kiume wa miaka miwili na nusu. Tuna chumba kilichokuwa stoo, mita tatu kwa tatu na nusu hivi, dirisha moja. Tumeamua kiwe chumba cha kuchezea, maana sebule imejaa midoli hadi hatuna pa kukanyaga. Fundi rangi anakuja Jumamosi. Naomba ushauri: nipake rangi gani, nichoreshe katuni ukutani au nibandike picha, ninunue kabati au sanduku gani la midoli, na je, niweke televisheni humo kama anavyotaka baba yao? Pia wanagombana sana. Binti anajenga, mdogo anabomoa. Nataka chumba kiwafae wote wawili. Mama wa Wawili."

Dada yangu Mama wa Wawili, nashukuru umeandika kabla fundi hajafungua kopo. Umeanza na rangi, na mimi nitaiweka karibu na mwisho. Katika yote uliyotaja, rangi ndiyo rahisi kuliko yote kubadilisha, na ndiyo inayomhusu mtoto kidogo kuliko yote akiwa katikati ya mchezo. Kazi yangu ni kupanga vyumba vya watoto, majumbani na katika shule za awali, na kosa ninalokutana nalo mara kwa mara ni chumba kilichopangwa na mtu mzima aliyesimama mlangoni. Ukikitazama kutoka mlangoni kinapendeza kweli. Ukiketi chini, mahali watoto watakapokuwa saa zote, huoni cha kufanya.

Kwa hiyo, kabla hujanunua hata kikapu, ingia humo ukae sakafuni. Mtoto wa miaka miwili na nusu ana kimo cha sentimita 90 hivi. Ukikaa chini ukanyoosha mgongo, macho yako yatakuwa karibu usawa wa macho yake akiwa amesimama. Tazama anachokiona. Soketi ziko mbele ya uso wake. Taa ya darini inamchoma macho akilala chali. Chini ya dirisha pana kitu anachoweza kukwea? Mlango unafunguka kuelekea wapi, na vidole vyake vitakuwa wapi unapofunguka? Kisha tambaa mpaka kila kona. Dakika kumi za namna hiyo zitakufundisha mengi kuliko picha mia za vyumba vya watu wengine.

Kuna jambo jingine la kulipima kabla ya yote, nalo ni umbali kati ya chumba hicho na mahali unapokuwa wewe. Umeandika kwamba midoli imejaa sebuleni. Haikufika huko kwa kukosa chumba. Imefuata watoto, na watoto wamefuata watu. Mtoto mdogo hucheza vizuri anapojua mama au baba yuko karibu, anamsikia, akiinua kichwa anamwona. Nimeona vyumba vizuri sana vikikaa vitupu mwaka mzima kwa sababu viko mwisho wa ukumbi, mlango umefungwa, na mtoto anaambiwa "nenda kacheze kule". Akisikia hivyo anahisi amefukuzwa. Kama chumba chako kiko mbali na jikoni au sebule, acha mlango wazi daima, au uuondoe kabisa uweke kizuizi kifupi cha watoto pale mdogo anapohitaji kudhibitiwa. Na ndani ya chumba weka kiti cha mtu mzima, au godoro dogo lenye mito ya kuegemea. Watu wengi hulisahau hili. Kama huna pa kukaa, utasimama dakika tatu uondoke, nao watakufuata na midoli yao.

Sasa ugomvi, maana hapo ndipo chumba chako kitafaulu au kushindwa. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alichapisha matokeo ya kuwatazama watoto wa shule ya awali wakicheza. Alionyesha kwamba kushirikiana mchezoni huja hatua kwa hatua. Mtoto hucheza peke yake, hutazama wengine, halafu hucheza sambamba: wawili wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na lake. Ushirikiano wa kweli, wenye mpango mmoja na kugawana kazi, huja baadaye. Binti yako tayari yuko huko. Anajenga nyumba yenye vyumba, ina wenyewe, ina hadithi, na anataka kuiendeleza kesho. Mdogo wake bado yuko kwenye sambamba, na furaha yake kubwa kwa sasa ni kuona kitu kirefu kikianguka. Hana chuki na dada yake. Anajifunza kwamba mkono wake unaweza kusababisha jambo. Ukiwalazimisha kucheza mchezo mmoja, utakuwa mwamuzi kutwa nzima.

Suluhisho ni kimo. Kila kilicho chini ya sentimita 80 kihesabu kuwa cha wote wawili, yaani kiwe salama mdomoni mwa mdogo na kivumilie kutupwa. Kila kinachomhusu binti peke yake kipande juu: rafu pana iliyofungwa ukutani kwa kimo ambacho yeye anakifikia akisimama na mdogo hakifikii hata akinyoosha mkono; wapime wote wawili kabla ya kuifunga. Upana wake usipungue sentimita 40, ili kazi aliyoianza ilale hapo hadi kesho bila kuvunjwa. Mpe binti ubao wa plaiwudi mwepesi wa kujengea juu yake. Muda wa mdogo kuamka ukifika, mnaunyanyua pamoja na ujenzi wake, mnaupandisha rafuni. Nimewapa wazazi wengi ushauri huu mdogo na sijaona ulioshusha kelele za nyumba kuliko huu. Ila hakikisha chini ya rafu hiyo hakuna kiti wala sanduku, maana mtoto wa miaka miwili na nusu hujifunza kusogeza kiti haraka kuliko unavyodhani.

Kimo hicho hicho ndicho kinachomlinda mdogo dhidi ya vitu vidogo. Kipimo kinachotumika kupima vichezeo vya walio chini ya miaka mitatu ni mrija wenye upana wa milimita 31.7: kitu kikiingia chote humo, kinaweza kumkaba mtoto. Nyumbani tumia kile kimrija cha kadibodi kinachobaki ndani ya karatasi ya chooni. Ni kipana kidogo kuliko mrija huo, kwa hiyo kinakuongezea usalama. Gololi, shanga, vipande vidogo vya kujengea, macho ya wanasesere yaliyolegea, kila kinachopita humo kiende juu. Vitu viwili lakini nisingependa uviweke hata juu. Cha kwanza ni betri ndogo bapa za mviringo, zinazokaa kwenye vichezeo vinavyoimba na kuwaka. Ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili, na mtoto anaweza asilie. Kichezeo chochote ambacho kifuniko cha betri hakifungwi kwa skrubu kitoe nyumbani. Cha pili ni sumaku ndogo zenye nguvu. Mtoto akimeza mbili, zinaweza kuvutana kutoka pande mbili za utumbo na kuutoboa. Ukihisi mtoto amemeza kimojawapo, usingoje kuona dalili, mpeleke hospitali saa ile ile.

Tuje sakafuni, mahali ninapotaka utumie fedha na fikra zako nyingi. Chumba chako kina mita za mraba kumi na nusu. Ukiweka rafu yenye kina cha sentimita 30 kwenye ukuta mmoja mrefu, meza ndogo na kiti chako, bado utabaki na uwanja wa mita mbili kwa mbili katikati. Uwanja huo usiuguse. Watu huogopa nafasi tupu. Wanaona wameacha kazi nusu, basi wanaongeza hema, farasi wa kubembea, jiko la kuchezea, gari la kukalia, mpaka mtoto hana pa kunyoosha miguu. Nafasi tupu ndiyo barabara leo, bahari kesho, hospitali keshokutwa. Huwezi kununua kitu kinachogeuka mambo mengi kiasi hicho.

Sakafu yenyewe iwe ngumu na rahisi kuipangusa, halafu theluthi moja au nusu yake ifunikwe zulia la manyoya mafupi. Sababu iko kwenye mchezo wenyewe. Vipande vya mbao vya kujengea vinahitaji sakafu sawa; ukivisimamisha juu ya zulia la manyoya marefu, mnara unayumba kwenye kipande cha nne na mtoto anadhani kosa ni lake. Magari nayo hayatembei. Zulia ni la kukaa, kusoma, kubingirika na kunyonya kelele. Chini yake weka mpira wa kuzuia kuteleza, na kingo zake zisijikunje. Kama sakafu ni ya saruji au vigae, utaona mara moja tofauti ya sauti, maana chumba kitupu chenye kuta tupu hurudisha kila kishindo, na watoto hupaza sauti zaidi ili kushindana na mwangwi. Mapazia mazito kidogo na rafu ya vitabu husaidia pia.

Nimetaja vipande vya mbao, na kama ungeniambia uniruhusu kukuchagulia kichezeo kimoja tu, ningechagua hivyo. Mwalimu mmoja wa New York, Caroline Pratt, ndiye aliyebuni mwanzoni mwa karne ya 20 vile vinavyotumika hadi leo katika shule nyingi za awali. Uzuri wake uko kwenye hesabu. Kipande cha msingi kina upana mara mbili ya unene wake, na urefu mara mbili ya upana. Viwili vidogo vinalingana na kimoja kikubwa, na mtoto anagundua nusu na robo kwa vidole vyake kabla hajafundishwa majina hayo. Havina picha wala rangi, havitoi sauti. Mdogo wako atavibeba, atavipanga mstari, atavibomoa. Binti atajenga daraja. Miaka mitano kutoka sasa bado vitatumika. Fundi seremala yeyote makini anaweza kukukatia ukimpa uwiano huo na kumsisitizia mambo mawili: mbao ngumu iliyokauka, na kingo zote zipigwe msasa hadi mkono usihisi ncha.

Swali lako la kabati au sanduku. Sanduku, hapana. Najua linavutia kwa sababu jioni unatupia kila kitu ndani na kufunika. Lakini fikiria mtoto anayetaka kitu kilicho chini ya sanduku. Njia yake moja tu ni kumwaga vyote. Kile unachokiona kama uchafuzi ni mtoto anayetafuta. Tena sanduku lenye mfuniko mzito huangukia shingo na vidole, na lisilo na matundu ya hewa linaweza kumfungia ndani mtoto aliyejificha. Kama tayari unalo, toa mfuniko uitumie sehemu iliyobaki kuwekea mito.

Unachohitaji ni rafu za chini zilizo wazi. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyeanzisha mfumo wake wa kufundisha watoto, alipofungua shule yake ya kwanza, Nyumba ya Watoto, mjini Roma mwaka 1907, vifaa vilikuwa vikifungiwa kwenye kabati na mwalimu ndiye aliyegawa. Siku moja mwalimu alisahau kufunga, akachelewa kufika, akakuta watoto wamefungua na kujichukulia. Mwalimu aliona wizi. Montessori aliona watoto ambao tayari wanajua wanachokitaka, akaleta makabati mafupi wanayoyafikia wenyewe. Mpaka leo rafu fupi iliyo wazi ni alama ya madarasa yanayofuata njia yake, na mimi sijaona sababu ya kuiacha hata kwa mzazi asiyefuata mfumo wowote.

Rafu yako iwe na ngazi mbili au tatu, ya juu kabisa isizidi sentimita 75, kina cha sentimita 30. Kila kitu kiwe na mahali pake na nafasi kidogo pembeni. Vitu vyenye vipande vingi vikae kwenye trei au kikapu kisicho na mfuniko, kimoja kwa kila aina. Mbele ya kikapu bandika picha ya kilichomo. Picha ni ya mdogo. Kwa binti ongeza jina kwa herufi kubwa, atalisoma kila siku bila kujua anasoma. Vitu vizito viwe chini.

Na usivipange vyote. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto 36 wa umri unaokaribia wa mdogo. Kila mtoto alicheza mara moja akiwa na vichezeo 4 na mara nyingine akiwa na 16. Penye vinne, watoto walidumu na kila kichezeo muda mrefu zaidi na kukitumia kwa njia nyingi zaidi. Sikuambii ubaki na vinne. Kwa watoto wawili, mimi huanza na vitu vinane hadi kumi na viwili rafuni, vingine vyote ninavitia kwenye maboksi juu ya kabati la chumba kingine, na kila wiki mbili au tatu nabadilisha vichache. Usibadilishe kile wanachokitumia. Ondoa kile ambacho hakijaguswa. Utaona kichezeo kilichopuuzwa miezi mitatu kinapokelewa kama kipya.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu jambo linalofuata limeua watoto. Rafu yoyote, kabati lolote, hata fupi, lifungwe ukutani. Mtoto hupanda droo kama ngazi, au hushika ubao wa juu akajivuta, na uzito wake unalivuta fanicha lote limwangukie. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 kuwalazimisha watengenezaji wa makabati ya nguo wafuate kipimo cha kutopinduka. Wewe usitegemee kiwanda. Chuma cha pembe, skrubu na plagi za kuzishikilia, zinazolingana na aina ya ukuta wako, sehemu mbili kwa kila fanicha. Msumari hautoshi. Ukimaliza, shika rafu kwa juu uivute kwa nguvu zako zote, isiposogea, umemaliza. Fanya hivyo kabla ya kuweka kichezeo hata kimoja.

Dirishani usiweke rafu, meza wala kochi. Kamba za mapazia zinazoning'inia zikatwe au zifungwe juu kabisa. Kamba yenye kitanzi inaweza kumnyonga mtoto kimya kimya ukiwa chumba cha pili. Soketi ziwe na vifuniko. Nyaya zisipite sakafuni.

Meza ya kuchorea ni rahisi kuliko inavyoonekana, ingawa watoto wako wamepishana kimo. Binti akiwa amekaa, nyayo zake zikanyage sakafu yote na viwiko vilingane na meza. Kwa mtoto wa miaka sita hiyo ni meza ya sentimita 46 hadi 53 na kiti cha 26 hadi 31, kulingana na kimo chake. Mpime yeye mwenyewe, usipime umri. Chukua ya sentimita 50 hivi. Mdogo hatahitaji kiti, kwa sababu meza hiyo iko karibu usawa wa viwiko vyake akisimama, na watoto wa umri wake hupenda kuchora wakiwa wamesimama. Iweke mahali penye mwanga wa dirisha kutoka ubavuni, pembe ambayo sakafu haina zulia. Kalamu za rangi, karatasi na udongo wa kufinyanga viwe kwenye trei moja. Mkasi na gundi vibaki kwenye rafu ya binti.

Kisha tengeneza kijipango, yaani pango dogo. Kila mtoto anahitaji pahali padogo pa kujificha ndani ya chumba: dari fupi, pande tatu zimefunikwa, anaingia yeye na kitabu na mwanasesere mmoja. Usinunue nyumba ya plastiki. Meza kuukuu iliyofunikwa shuka inatosha, au pazia lililotundikwa kwa kukatiza kona. Kwa binti yako itakuwa mahali pa kupumua pale mdogo anapomchosha, na mkubaliane nyumbani kwamba aliyeingia humo haguswi. Angalia tu mianya: nafasi kati ya mbao au vyuma ikiwa zaidi ya sentimita 9 na chini ya 23, mwili wa mtoto unaweza kupita na kichwa kikabaki. Iwe ndogo kuliko hiyo, au kubwa kuliko hiyo.

Televisheni, naomba uniruhusu nipingane na baba yao kwa heshima. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja ya skrini kwa siku, na kidogo zaidi ni bora. Mwongozo huo huo unataka angalau dakika 180 za kujongea kwa siku. Lakini hoja yangu kubwa inahusu chumba. Ukitundika skrini, chumba kinapata mbele na nyuma. Zulia linasogea mbele yake, kiti chako kinaigeukia, uwanja wa katikati unakuwa ukumbi wa kutazama. Hata ikiwa imezimwa, watoto wanaitazama na kukuomba uiwashe. Iacheni sebuleni, mtazame pamoja. Kama baba yao anatafuta namna ya kukaa nao humo ndani, na mara nyingi wazo la televisheni hutokana na hilo, mwambie kile kiti ni chake pia, na kazi ya kufunga rafu ukutani inamngoja.

Haya, rangi. Mwaka 2014 watafiti watatu, Fisher, Godwin na Seltman, walichapisha jaribio la watoto 24 wa chekechea waliofundishwa ndani ya chumba kimoja, mara kikiwa kimejaa mapambo ukutani na mara kuta zikiwa tupu. Penye mapambo mengi, watoto walipoteza asilimia 38.6 ya muda kwa kutozingatia. Penye kuta tupu, asilimia 28.4. Lile lilikuwa somo, na chumba chako ni cha mchezo, kwa hiyo sichukui namba hizo kama zilivyo. Ila zinaafiki kile ninachokiona kazini: vichezeo tayari vina rangi zote za dunia, na kuta zikianza kushindana navyo, macho hayapati pa kutua.

Kwa hiyo kuta na dari ziwe rangi moja nyepesi yenye joto: maziwa, mchanga, kijani cha majani makavu, waridi iliyofifia kama udongo. Nyeupe kali inarudisha mwanga na kuchosha. Rangi ya pili, iliyokolea zaidi, ipakwe kuanzia sakafuni hadi sentimita 110 hivi, kuzunguka chumba kizima. Inaficha alama za mikono, na inashusha chumba kwenye kimo cha watoto, kinakuwa chao. Mwite binti, mpe chaguo tatu ulizozikubali wewe mwenyewe, achague moja ya hiyo ya chini. Aina iwe ya maji, isiyong'aa, inayovumilia kufutwa kwa kitambaa, yenye harufu kidogo. Madirisha yabaki wazi na watoto wasiingie mpaka harufu iishe kabisa, hata kama rangi imekauka.

Onyo moja kwa fundi. Kama nyumba ni ya zamani, rangi ya awali inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Asiikwangue wala kuipiga msasa ikiwa kavu, maana vumbi lake ndilo linaloingia mwilini mwa mtoto, na hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Ipimwe kwanza, au mtafute mwenye ujuzi wa kazi hiyo.

Katuni ukutani, usichoreshe. Binti wa miaka sita anampenda mhusika mmoja leo, na akifika miaka minane ataona aibu mbele ya wenzake. Picha ya kuchorwa inamwambia mtoto mchezo unahusu nini. Ukuta mtulivu unamwachia yeye aseme. Badala yake funga waya mmoja au ubao mwembamba wenye vibanio kwenye ukuta mmoja tu, kimo cha macho ya binti, na mwingine mfupi chini yake kwa mdogo. Hapo zitatundikwa kazi zao, zibadilishwe. Kioo kisichovunjika, kilichofungwa barabara ukutani kuanzia karibu na sakafu, kitampa mdogo furaha ambayo hakuna stika itakayompa.

Taa ya darini iwe na balbu ya mwanga wa joto, kati ya 2700 na 3000 kwa kipimo cha kelvin, na juu ya kiti chako uongeze ya ukutani kwa ajili ya kusomeana jioni. Ya kusimama sakafuni, yenye waya, iache kwa sasa.

Kuhusu Jumamosi: mpigie fundi umwombe aje wiki mbili baadaye. Jumamosi hii toeni kila kitu stoo, osheni sakafu, kagueni soketi na dirisha, kisha waingize watoto na maboksi matatu makubwa ya kadibodi, shuka mbili na mito. Wewe kaa nao humo. Usiwaelekeze. Kwa siku kadhaa angalia wanakaa wapi, wanajificha kona ipi, mwanga wa mchana unaangukia wapi, mdogo anakimbia kutoka wapi kwenda wapi. Weka alama sakafuni kwa utepe wa karatasi: hapa rafu, hapa meza, hapa kijipango, hapa kiti chako. Waache wacheze na alama hizo siku mbili tatu, uzisogeze pale wanapozikanyaga kila mara. Rafu zipimwe kwa alama hizo, na fundi rangi akija atakuta unajua ukuta upi utabaki wazi.